Wanataka dhahabu iliyo chini ya mahindi yangu: nikubali?

"Naishi Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Mume wangu alipofariki aliniachia nusu ekari inayoteremka mpaka kwenye kijito. Juu napanda mahindi na maharagwe, chini kuna nepia ya ng'ombe wangu mmoja. Mwezi jana walikuja vijana wanne na mzee mmoja, wakabeba mawe, kisha wakarudi wakisema dhahabu ipo. Wanataka kuchimba mashimo matatu na kuweka kinu cha kusagia mawe karibu na kijito. Kwa kila magunia kumi ya mawe, mimi nichukue mawili, na kabla ya kuanza wanipe shilingi 50,000. Wanasema zebaki wanayotumia ni kidogo tu na mvua huisafisha, na wakimaliza watafukia. Shemeji yangu anasema nikikataa wataingia kwa jirani na kuifuata dhahabu chini kwa chini mpaka kwangu, nibaki mikono mitupu. Kisima chetu kiko kama mita 40 kutoka hapo. Binti yangu ana mimba ya miezi minne. Hati ya shamba bado ina jina la baba mkwe, ambaye naye ni marehemu. Nikubali au nikatae?"

Pole dada kwa kufiwa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia kidole gumba kwenye karatasi. Wasiwasi wako nauona hivi: 50,000 si pesa za kuchezea, na unaogopa kwamba ukikataa utakosa vyote viwili, dhahabu na fidia. Upande wa pili kuna kisima, kuna mjukuu anayekuja, na kuna shamba ambalo watoto wako watalihitaji miaka mingi baada ya vijana hao kuhama.

Wageni wako wameomba vitu viwili wakavifunga pamoja kama kimoja, nami naanza kwa kuvitenganisha. Wanaomba shimo, na wanaomba kinu. Shimo ni jambo la kujadiliana: lina hatari zake, lina bei yake, na lina mwisho. Kinu kikatae. Shimo hutoa mawe ya shamba lako peke yake, lakini kinu kikishasimama kando ya maji kitasaga mawe ya kijiji kizima na vijiji vya jirani. Magunia yataletwa kwa bodaboda na mikokoteni kutoka usikokujua. Wewe una mgao katika mawe yako tu, ila zebaki ya kila mtu itabaki kwako.

Kwanza tuondoe dhana chache, maana mkataba huu umejengwa juu yake.

Dhahabu iliyo chini ya shamba lako si yako. Wala si ya shemeji, wala ya vijana wale. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inayaweka madini yote katika ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati ya mtu binafsi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha wa madini, yaani tozo anayolipa mchimbaji, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Kama umeona, hakuna fungu la mwenye shamba hapo. Ulicho nacho wewe ni udongo wa juu, na ridhaa: kwenye ardhi ya mtu binafsi mchimbaji anahitaji kibali cha serikali na pia kukubaliwa na mwenye ardhi. Ridhaa hiyo ndiyo bidhaa yako. Ukiitoa kwa bei ndogo huna kitu kingine cha kuuza.

Dhana ya pili ni kwamba mvua huisafisha zebaki. Zebaki ni metali, ingawa inatiririka. Uzito wake ni mara 13.6 wa maji. Tone la zebaki likianguka kijitoni halielei likaenda zake, bali linazama, linaingia katikati ya changarawe na kutulia. Mvua kubwa ikija inalisogeza mpaka mahali ambapo maji hupungua kasi, yaani kwenye kona ya mto, kwenye matete, kwenye bonde la tope. Humo kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, methili-zebaki, na hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki mdogo, kwa samaki mkubwa, hadi kwenye sahani. Kila hatua huongeza kiwango. Wagonjwa wa kwanza wa mji wa Minamata, Japani, walitambuliwa mwaka 1956. Walikuwa wamekula samaki wa ghuba ambamo kiwanda kilimwaga zebaki, na kina mama wasioonyesha dalili kubwa walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Kutokana na mji huo ndipo lilipotoka jina la mkataba wa kimataifa wa zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017. Maji yanayoshuka kutoka pande zenu kuingia mto Yala hupita kwenye kinamasi cha Yala kabla ya kufika Ziwa Victoria. Bonde la tope na matete la aina hiyo ndilo linaloifaa zebaki kujigeuza.

Ya tatu ni hii ya "kidogo tu". Kiasi kinategemea zebaki inawekwa wapi. Mchimbaji mwangalifu husaga mawe, huosha unga wake kwenye ubao mrefu uliotandikwa zulia au blanketi, akabaki na mchanga mzito kiasi cha kujaza karai moja, na ni kwenye huo tu anapotia zebaki, ambayo hushikana na vipunje vya dhahabu kuwa donge. Hapo hupoteza takriban gramu moja ya zebaki kwa kila gramu ya dhahabu. Asiye mwangalifu, au mwenye haraka, huimwaga zebaki ndani ya kinu chenyewe pamoja na mawe. Vyuma vya kinu huipasua iwe vijitone vidogo kama unga, vijitone hivyo haviungani tena, na huondoka na matope vikiwa vimebeba dhahabu ndani yake. Mtu huyo hupoteza zebaki nyingi mara kadhaa kuliko dhahabu anayopata, kisha hulalamika kwamba mawe ya mwaka huu hayana kitu. Waulize vijana wako swali moja tu: zebaki mnaitia ndani ya kinu au kwenye karai? Jibu litakuonyesha unashughulika na watu gani.

Tuje kwenye hesabu ya magunia mawili kwa kumi, maana hapa ndipo pesa zinapojificha. Gunia la mawe nitalihesabu kilo 50. Magunia kumi ni kilo 500. Tuseme mwamba wenu ni mzuri, una gramu 6 za dhahabu katika tani moja. Magunia yako mawili, kilo 100, yana gramu 0.6. Kwa njia ya zebaki, kinu cha kawaida kikipata asilimia 40 ya dhahabu iliyomo kimejitahidi, kwa hiyo utaondoka na gramu 0.24. Kwa urahisi wa hesabu tu, tuseme gramu inanunuliwa shilingi 10,000. Hiyo ni 2,400. Toa ada ya kusaga, toa ya kubeba, toa ya mama anayekuoshea. Weka bei halisi ya siku hiyo na utaona kwamba hadithi haibadiliki.

Sasa tazama gramu 0.36 zilizobaki. Ziko kwenye mabaki, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, na kwa desturi ya mahali pengi mabaki ni mali ya mwenye kinu. Yeye huyarundika mpaka yafike malori kadhaa, kisha huyauza kwa wenye matangi ya sayanidi, sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Akiweza kutoa robo tatu tu ya kilichobaki, ni gramu 0.27. Yaani mtu ambaye hakuchimba na hana shamba amepata zaidi ya mwenye shamba, tena kutoka kwenye magunia ya mwenye shamba. Ndiyo maana kinu kinatafutiwa nafasi kwa bidii kuliko shimo. Na tukiwa hapo hapo: sayanidi ikipitishwa kwenye mabaki yenye zebaki huiyeyusha zebaki ile iliyokuwa imetulia, nayo huanza kusafiri na maji. Ni mchanganyiko mbaya kuliko kila kimoja peke yake. Mtu akikupa bei nzuri ya kuweka matangi shambani mwako, jibu ni lile lile la kinu.

Kumbuka pia kwamba gramu 6 nimezitaja kwa ukarimu. Dhahabu haikusambaa sawasawa kwenye mwamba kama chumvi kwenye ugali wa shule. Imekaa kwa vipunje. Jiwe moja lililookotwa kwa sababu lilikuwa na kutu na kung'aa halisemi chochote kuhusu tani kumi zinazolizunguka. Kama wanadai wamepima, waambie wapime mbele yako: wachukue mawe kukatisha upana wote wa mshipa, yaani ule mstari wa mwamba wenye dhahabu, si mahali pazuri tu, wayavunje yawe kama kokoto, wayachanganye, wayarundike kama koni, wagawe robo nne, watupe robo mbili zinazotazamana, na warudie mpaka zibaki kilo mbili hivi za kupeleka maabara. Sampuli tatu za namna hiyo ndizo za kuanzia mazungumzo.

Shimo lenyewe. Tuseme ni la mita 1.5 kwa 1.5, na linashuka mita 20. Hilo ni mita za ujazo 45. Udongo ukishachimbwa huvimba, hukaa kama mita 60. Mashimo matatu ni 180. Ukiutandaza kwa kina cha nusu mita utafunika mita za mraba 360, na nusu ekari yako yote ni kama 2,020. Zaidi ya sehemu moja ya sita imekwenda kabla hujahesabu njia ya kubebea, kibanda cha walinzi, na mahali pa kuvunjia mawe. Udongo huo wa chini hauzai. Ule wenye rutuba ni sentimita 20 hadi 30 za juu, na ukifukiwa chini ya mawe umepotea. Isitoshe, dhahabu ya ukanda wetu mara nyingi imeandamana na mawe ya salfa kama pairaiti. Yakikaa chini ya ardhi hayana shida. Yakitolewa nje yakapata hewa na mvua hutengeneza asidi, na asidi hiyo huchomoa metali nyingine kwenye mwamba, ikiwemo aseniki, ambayo ni sumu. Ukiona maji yanayotoka kwenye rundo yana rangi ya kutu, na nyasi zimekufa njiani yalikopita, ndicho kinachotokea.

"Tutafukia" ni neno rahisi. Mita za ujazo 60 ni wilbaro 1,000, kwa kila shimo. Na si kumwaga tu: udongo unatakiwa ushindiliwe kila sentimita 30, ukiisha uachwe na kichuguu juu, maana utaendelea kutitia kwa misimu miwili ya mvua au zaidi, ndipo udongo wa rutuba urudishwe juu. Shimo lililojazwa juu juu kwa matawi na udongo ni mtego wa ng'ombe na mtoto. Kundi ambalo mshipa umeliishia halina faida yoyote ya kubaki wiki tatu likisukuma wilbaro. Kwa hiyo gharama ya kufukia ilipwe kabla ya jembe la kwanza. Muulize fundi wa kijiji chenu atataka kiasi gani kusukuma na kushindilia wilbaro 1,000, zidisha kwa idadi ya mashimo, na fedha hizo ziwekwe kwa wakili au mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini, zirudishwe kwao wakifukia wenyewe. Ukishapata hesabu hiyo utajua zile 50,000 zilikuwa za nini. Sidhani zitatosha hata kuziba.

Kisima chako kiko mita 40. Shimo likipita usawa wa maji, wachimbaji huweka pampu, nayo huvuta maji pande zote kama mtu anayefyonza kwa mrija. Kisima kifupi kilicho karibu ndicho hukauka kwanza, hasa Januari na Februari. Kuhusu sumu, usidanganywe na kipimo kimoja. Maji ya kisima au kijito yakipimwa zebaki mara nyingi huonekana safi hata pale palipochafuka, kwa sababu zebaki haimo majini, imo kwenye tope la chini. Ukitaka kujua hali, pimisha tope la kijito, sehemu moja juu ya shamba na moja chini yake, na maji ya kisima yapimwe aseniki na kiwango cha asidi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa aseniki katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina tawi Kisumu. Ulizia gharama kwanza, na uulize chombo gani kinatakiwa, maana chupa ya soda iliyosuuzwa haifai.

Shemeji yako ana ukweli nusu. Ni kweli mshipa haujui mpaka, na kundi likianza kwa jirani linaweza kuingia chini yako. Lakini kibali cha mchimbaji kina eneo lake lililochorwa, na kuchimba nje ya eneo hilo bila ridhaa ni kosa unaloweza kuliripoti. Ushahidi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mlio wa nyundo na kuchimba husikika usiku ukilala sakafuni, nyufa hujitokeza juu kwa mstari, na kisima hushuka. Halafu hata wakikuibia mawe kwa chini, umepoteza mgao wa magunia mawili ambao tumeshauona thamani yake. Udongo wa juu bado unao, na kinu hakiko kwako. Kukosa hicho si sawa na kubaki mikono mitupu.

Na hilo la hati ni kubwa kuliko dhahabu. Baba mkwe ni marehemu, na urithi haujafanywa mahakamani. Basi hakuna mtu leo mwenye mamlaka ya kutia saini juu ya shamba hilo, si wewe wala shemeji wala mzee wa ukoo. Sheria ya Urithi inahesabu kuuza au kukodisha mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa. Tena kukodisha ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi, inayoombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo makubaliano ni batili. Karatasi ya kidole gumba iliyoshuhudiwa na mzee wa kijiji haikulindi. Inachofanya ni kuwapa wengine mahali pa kuanzia kesi. Simsemi vibaya shemeji, simjui, ila mtu akikuharakisha utie saini kwenye shamba ambalo urithi wake haujagawanywa, muulize jina la nani litaandikwa kwenye mgao wa magunia. Anza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, upeleke mahakamani kufungua shauri la urithi. Kama huna pesa za wakili, ulizia msaada wa kisheria wa bure hapo hapo mahakamani Kakamega.

Jambo la ardhi na dhahabu kwenu lina mizizi mirefu. Dhahabu ilipozua msukosuko Kakamega mwaka 1931, serikali ya kikoloni ilikuwa imeshaahidi kwa sheria ya 1930 kwamba Mwafrika akinyang'anywa ardhi atapewa nyingine. Mwaka 1932 ikaibadilisha sheria ili watu walipwe pesa badala ya ardhi. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na leo Rosterman ni mtaa mjini ambapo watu bado wanachimba.

Kuhusu binti yako nitasema wazi. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Mama mjamzito asishike zebaki, asioshe mchanga wenye zebaki, asifue nguo za mchimbaji, na asiwe karibu na mahali donge la zebaki na dhahabu linapochomwa ili zebaki itoke ibaki dhahabu. Kuchoma ndiko hatari kuliko yote. Zebaki huchemka nyuzi 357, joto ambalo jiko la makaa linalifikia bila shida, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ndani ya nyumba hugandama kwenye kuta na paa la mabati, kisha huendelea kutoka siku nyingi baadaye. Sufuria iliyochomewa haiwi tena ya kupikia hata ukiisugua kwa majivu. Na maziwa hayaondoi zebaki mwilini, ingawa wengi hunywa wakiamini hivyo. Maziwa ni chakula.

Mtu aliyekuwa karibu na moshi wa kuchoma akianza kukohoa, kubanwa kifua na homa ndani ya saa chache, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alivuta mvuke wa zebaki, maana bila kuambiwa daktari atatibu nimonia. Kwa waliokaa nayo miezi au miaka, dalili ni mikono kutetemeka (mwandiko hubadilika kwanza), fizi kuuma, ladha ya chuma mdomoni, kukosa usingizi, na hasira zisizo na sababu. Kipimo chake ni cha mkojo. Mweleze daktari kama mtu anatumia sabuni au krimu ya kung'arisha ngozi, kwani baadhi yake zina zebaki na zitavuruga majibu. Na kama mtu ameanguka shimoni na haitiki, asishuke mwingine kumfuata. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo hujaza kaboni monoksaidi, na anayeshuka kuokoa hulala pale pale. Pampu ikae juu na bomba peke yake lishuke, hilo liandikwe kwenye mkataba wowote.

Njia zako, basi, ni tatu kwa maoni yangu. Unaweza kukataa kabisa, ukaendelea na mahindi. Chukua daftari lako, hesabu magunia ya misimu miwili, maharagwe, na maziwa yanayotokana na ile nepia, zidisha kwa miaka kumi, ndipo ulinganishe. Mapato ya shamba ni madogo lakini hayaishi mshipa.

Unaweza, urithi ukishakamilika, kukubali kuchimba bila kinu. Mawe yafungwe kwenye magunia na yaondoke shambani siku hiyo hiyo. Mashimo mawili badala ya matatu, upande wa juu, mbali na kisima kadiri inavyowezekana, na mita 30 kutoka ukingo wa kijito. Kibali kionyeshwe kabla ya kuanza. Udongo wa juu uwekwe kando. Fedha za kufukia ziwe zimeshawekwa. Mimi ningedai kodi ya kila mwezi kwa pesa taslimu badala ya magunia, kwa sababu kodi hailipwi kwa kutegemea mizani ya mtu mwingine.

Ya tatu ni kujiunga na ushirika wa wachimbaji wenye eneo lao la kusagia nje ya mashamba, na ikiwezekana usiotumia zebaki. Ipo njia ya boraksi, iliyotumiwa miaka mingi na wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino: mchanga mzito huoshwa mpaka ubaki kidogo sana, huchanganywa na boraksi na kuyeyushwa kwa makaa na feni, boraksi hubeba uchafu na dhahabu hutulia chini. Hufanya kazi vizuri, ila inadai uoshaji wa makini, na mawe yenye salfa nyingi huisumbua. Wanaoendelea na zebaki watumie angalau chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, ambacho hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji, kwani chungu kikipoa hufyonza maji yakarudi kwenye chuma cha moto na kulipuka. Ukubali njia hii kama tu umekutana na viongozi wa ushirika na kuona kibali chao. Ofisi ya madini inayohudumia kaunti yako ndiyo inayothibitisha, na mambo ya mto na uchafuzi yapeleke ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Wiki hii, kabla ya kuonana tena na wageni wako, pima kisima. Funga jiwe kwenye kamba ya katani, si ya nailoni kwa sababu huvutika, ushushe mpaka liguse maji, utie fundo usawa wa ukingo, kisha upime kamba kwa futi ya fundi. Fanya hivyo alfajiri kabla mtu hajateka, siku ile ile kila wiki, na uandike tarehe na kipimo kwenye daftari moja pamoja na magunia ya mahindi. Likifika shauri la kisima kukauka, daftari hilo ndilo litakaloulizwa kwanza.